Keria Isiyobeba Ngazi

Kibondo, 9 Juni 2024

Kaka Pasikali,

Nisamehe kwanza kwa kukaa kimya muda wote huu. Tangu Pasaka sijakuandikia, na najua umeshasema moyoni kwamba Vestina akishaolewa Kibondo basi Kasulu ameisahau. Sijasahau. Kila nikishika kalamu Winnie analia, nikimnyonyesha akilala na mimi nalala hapohapo nimekaa. Hata karatasi hii ukiona ina doa pembeni ni uji, usiogope.

Mwakeye, mmeamkaje nyumbani kwenu? Wifi Niyonsaba miguu yake imeacha kuvimba? Mama huko Kagerankanda maharage yametoka vizuri, au wadudu wamekula tena? Sisi tupo. Akimana ameanza chekechea, anahesabu mpaka ishirini ila kumi na saba anairuka, na ukimrekebisha ananuna mpaka jioni. Winnie ana meno mawili ya chini, anayefahamu ukali wake ni mimi. Shemeji yako Ndayikeza anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua kidogo, anapumzika.

Sasa lililonifanya niandike. Keria.

Kaka, ulituambia Krismasi. Ndayikeza alikuletea mabomba ya chuma yote, akakuletea na ile keria kuukuu tuliyoikuta juu ya kirikuu, hili gari letu dogo la mizigo, wakati tunalinunua. Ukazunguka gari mara mbili, ukasema, "Hii ni kazi ya siku mbili, shemeji, kaa mkao wa kula." Krismasi ikapita. Pasaka ikapita. Chuma chetu chote kiko karakana kwako na gari letu liko uchi.

Wewe kazi yetu unaijua. Gata za paa na matangi ya maji, asubuhi kijiji hiki, kesho kile. Ngazi yetu ni ile ndefu ya alumini, Ndayikeza aliipata wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli inafungwa na vitu vinauzwa. Hata ukiikunja ni mita nne. Bodi ya kirikuu haifiki hata nusu yake. Bila keria tunailaza juu ya kichwa cha gari, chini tunaweka gunia, tunafunga kwa mipira ya baiskeli. Tukifika kwenye matuta inatembea yenyewe kama ng'ombe anayetafuta pa kushukia.

Na sasa tumepewa kazi kubwa. Zahanati moja upande wa Busunzu, pamoja na nyumba za watumishi wake, gata zote na matangi. Msimamizi ametuambia wazi: mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ikianguka chini bila kuingia kwenye tangi, kazi inakwenda kwa mwingine, na vituo vingine vinavyofuata navyo tusivitegemee. Kaka, kazi hii ikipotea hatuna nyingine.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikipiga, grinda inapiga kelele, unasema "nitakupigia," na hupigi. Barua haina grinda.

Barua nampa Hilali, yule jirani yetu muuza vitenge, anakuja Kasulu kuchukua mzigo. Nimempa na kamba ya vipimo. Ina mafundo matatu. La kwanza ni upana wa bodi, la pili ni kimo cha kichwa cha gari, la tatu ni urefu wa ngazi. Ukilaza kamba chini huwezi kukosea.

Akimana anauliza mjomba atakuja lini na miwa.

Mdogo wako,
Vestina


Kasulu, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Vestina,

Barua nimeipata, na uji nimeuona. Nimemwonyesha wifi yako akacheka mpaka akakaa chini. Miguu yake ni nafuu, ila bado hataki kuvaa viatu, anatembea kama bata. Mama ni mzima. Maharage si haba, amejaza magunia, sasa kila mtu anayepita anaonekana kwake kama mwizi wa maharage. Anawasalimu, na anasema Winnie asikatwe nywele kabla hajamwona.

Kuhusu keria, usidhani nimelala. Umeme wa huku unajua wenyewe, unakuja kama mgeni, ukimwandalia chai keshaondoka. Halafu mashine yangu ya kuchomelea iliungua koili, nikaipeleka kwa mtu, yule mtu akaenda msibani na funguo za duka lake. Halafu likaja geti la kanisa, na padre huwezi kumwambia asubiri. Unaona mambo yalivyo.

Kamba nimeipokea. Nimeitundika kwenye msumari.

Hilali tulikaa naye tukanywa chai. Ni mtu wa maneno yule. Aliniambia Ndayikeza haonekani sokoni tangu mwezi wa nne. Huo mgongo ni mgongo gani wa miezi? Mwanamume wa umri wake? Na kama anapumzika kama ulivyosema, hizo gata nani anazifunga?

Nijibu hilo, halafu keria tutaongea.

Kaka yako,
Pasikali


Kibondo, 21 Julai 2024

Kaka Pasikali,

Tumefurahi kusikia wifi anatembea, hata kama ni kama bata. Mwambie aloweke miguu kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, asiwe mbishi. Mama mwambie nywele za Winnie hazijaguswa, ila zimejisokota zenyewe, akiziona atalia.

Hapa baridi ya Julai imetubana. Akimana alikuwa na mafua, akamwambukiza mdogo wake, mdogo akaniambukiza mimi. Ndayikeza peke yake ndiye hakuugua, ikabidi awe ndiye wa kutuonea huruma.

Umeniuliza nani anafunga gata. Gata zinafungwa. Wenye nyumba hawajalalamika.

Unachotakiwa kuuliza ni ngazi inafikaje huko. Wiki iliyopita tuliifunga ubavuni mwa pikipiki. Tunu, dada mdogo wa Hilali ambaye tunafanya naye kazi, alikaa nyuma kuishika. Mbele ngazi imempita dereva, nyuma inakwenda kama mkia. Kwenye kona ya soko ikakwangua kibanda cha muuza viazi. Mama wa viazi akatoka na kisu. "Nyie, hiyo ni pikipiki au ndege?" Tunu akamjibu, "Ndege, mama, lakini haina mafuta ya kuruka." Watu wakacheka, sisi tukapita, lakini kaka, mimi sikucheka. Kingekuwa kichwa cha mtoto je, badala ya kibanda?

Sitaki tena pikipiki. Na kwenye kirikuu bila keria siipandishi tena. Sababu ninayo.

Kwa hiyo sasa ngazi inalala Busunzu, ndani ya stoo ya zahanati. Wakituita Kifura au Mabamba tunasema tuko na shughuli. Watu wawili wameshakwenda kwa fundi mwingine. Na hao wawili walikuwa wateja wa Ndayikeza tangu hatujaoana.

Fundi wa kuchomelea hapa Kibondo yupo, tena karibu. Lakini chuma chetu kiko kwako. Na nikienda kwa mwingine utasema Vestina kanidhalilisha, kaka yake ni fundi na yeye anazunguka kwa watu. Umenifunga huku na huku. Nakuomba uache koili na padre, ulaze ile kamba chini uanze kukata.

Nakupenda kaka, lakini umenichosha.

Vestina


Kasulu, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Usiseme nimekuchosha. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikujibu kwa chuma, siyo kwa maneno. Keria yako imekwisha. Hilali anakuja na Fuso ya mzigo Jumanne, nimemfungia juu vipande vyake vyote na bolti zake ndani ya kopo la rangi. Rangi yenyewe ni bluu ya mbingu, mikono miwili. Karakana nzima walisimama kuitazama. Hata wale jamaa wa gereji ya jirani, ambao hawajawahi kusifu kitu cha mtu, walisema "hiyo ni keria."

Mama alikuja siku hiyo kutoka Kagerankanda. Akakaa juu ya tairi akaiangalia muda mrefu. Akauliza ni ya kubeba nini. Nikamwambia mizigo.

Nimefanya uamuzi wangu wa kifundi humo, utauona. Nimefikiri sana juu yenu. Kirikuu lile ni gari la riziki. Mabamba kuna ndizi, Busunzu kuna mihogo, maharage yako kila mahali, na soko la Kibondo linameza vyote. Mwanamke mwenye gari na keria nzuri kama hii anaweza kukusanya mazao akakaa nyuma ya usukani, akarudi nyumbani mapema akapikia watoto. Hakuna wa kumsema.

Kamba yako ilikuwa na mafundo matatu. Mimi nimetumia mawili.

Miwa ya Akimana imo ndani ya Fuso, imefungwa na kamba hiyohiyo. Shemeji mpe pole ya mgongo.

Pasikali


Kibondo, 8 Septemba 2024

Pasikali,

Watoto wazima. Miwa tumeipata, Akimana anashukuru.

Umenitumia zizi.

Nimeomba keria ya ngazi, umenitengenezea zizi la mbuzi la kuweka juu ya gari. Ukuta mbele, ukuta nyuma, ukuta kulia na kushoto, vyuma vimesimama mpaka kifuani kwangu. Tulishusha na Tunu, tukafunga bolti zote mpaka ya mwisho, nikiwa na furaha kama mtoto. Halafu tukanyanyua ngazi, Fuso ilikuwa imetuletea kutoka Busunzu. Ikagonga ukuta wa mbele ikakataa. Tukaiegemeza, ikasimama inaelekea juu kama inataka kupiga kitu angani. Hilali alikuwa kibarazani kwake anatazama. "Mama Akimana, humo utaweka mbuzi wangapi?" Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kaka, wewe si fundi wa juzi. Hukukosea. Fundo la tatu uliliona ukaliacha. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba ulikaa ukafikiri, ukapima, ukachomelea vizuri kabisa, ukapaka na rangi, ili ngazi yangu isikae.

Basi na mimi niseme niliyokuficha.

Ndayikeza hana mgongo. Amevunjika nyonga. Mwezi wa nne tulikuwa tunatoka Mabamba na ngazi iko juu ya kichwa cha gari kwenye gunia. Mimi naendesha, taratibu, yeye amekaa nyuma kwenye bodi anaishika kwa mikono, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuishika. Kwenye mteremko kuna tuta lisilo na alama. Ngazi ikazunguka, ikamzoa, ikamtupa barabarani. Alikaa hospitali mguu umetundikwa uzito. Sasa yuko nyumbani na magongo, anaweza kufika mlangoni na kurudi. Kupanda tena hatujui. Daktari anasema tusubiri, na anaposema hivyo haniangalii usoni.

Sikukuambia kwa sababu ungejua tu ni kwa ajili ya keria. Ungeanza kuhesabu tangu Krismasi. Sikutaka uhesabu. Ndiyo maana nilikuandikia badala ya kupiga, nyumba yetu ni vyumba viwili, Ndayikeza anasikia kila neno, na yeye ndiye aliyeniambia, "Pasikali asijue, atajila moyo."

Na anayefunga gata ni mimi.

Usishtuke, najua umeshajua. Tulikaa ndani wiki tatu tunaangaliana, halafu nikavaa suruali yake, nikaikunja chini, nikaenda. Nimemshikia misumari na kamba ya mstari miaka sita, unadhani sijui gata inalala vipi? Tunu anashika ngazi chini, kila nikipanda kidato anasema Bismillahi, nikishuka anasema Alhamdulillahi, siku nzima. Winnie namwacha kibarazani na dada yake kwenye mkeka. Akilia, maziwa yanashuka yenyewe. Nakuwa juu ya bati la moto natoboa tundu huku blauzi imelowa mpaka kiunoni, namwambia "nakuja mama, nakuja," na siwezi kushuka mpaka gata ishike, maana nikiiachia inapinda.

Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia ujue uliyemtengenezea zizi ni nani.

Mwezi wa kumi uko mlangoni. Gata za zahanati zimebaki upande mmoja, na nyumba za watumishi zote bado. Msimamizi ameanza kunizungusha, juzi alimuuliza Tunu kama kuna mwanamume yeyote anayeweza kuja kuzungumza naye.

Niambie ukweli, kaka. Kwa nini?

Vestina


Kasulu, 29 Septemba 2024

Vestina,

Barua yako niliisoma nimesimama karakana. Nilipofika pale pa Mabamba nikatoka nje. Nikarudi nikaisoma tena. Leo nimeweza kuandika.

Juu ya Ndayikeza sina la kusema linalotosha. Nilisema siku mbili. Zilikuwa siku mbili kweli, na sikuzitoa. Mwambie nitakuja nimwambie mwenyewe.

Umeuliza kwa nini. Hilali aliniambia tangu ile chai ya mwezi wa sita. Alisema, "Dada yako nimemwona juu ya bati Busunzu, amevaa suruali, anapiga nyundo." Alisema kwa kukusifu, Mungu anajua. Mimi chai ilinishinda. Nikakuuliza kwenye barua ili ukanushe. Ukanijibu gata zinafungwa.

Mama naye alishasikia. Unajua anavyosema, mwanamke hapandi juu ya nyumba, akipanda anamwitia mumewe misiba. Bibi alikuwa anasema hivyo kule ng'ambo ya mpaka tulikotoka, na Mama amekuja nayo mpaka huku, amepata na uraia nayo. Mimi ni Mkristo, naamini Mungu, siyo paa. Nilijiambia hivyo. Nikalaza kamba chini kama ulivyosema, nikakata mabomba, nikafika mahali pa kuchomelea ndoano za ngazi. Mkono ukakataa, Vestina. Siyo kwa ajili ya maneno ya Mama. Niliona kwamba nikizichomelea hizo ndoano, ni mimi nimekupandisha. Ukianguka, nimekuangusha mimi. Baba alipotuacha wewe ulikuwa unatambaa, nilikuwa nakufunga mgongoni naenda nawe kulima. Sijawahi kukushusha kwa kukuangusha.

Basi nikatengeneza zizi. Neno lako ni sawasawa.

Sasa nakuomba. Acha kupanda. Nitafunga karakana nije Busunzu nimalize zahanati mimi mwenyewe. Najua kupanda, nimeezeka nyumba zaidi ya moja. Wewe kaa chini unielekeze. Na baada ya hapo gari libebe mihogo, kama nilivyosema.

Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Siku hizi anapepeta maharage yaleyale.

Kaka yako anayekupenda,
Pasikali


Kibondo, 13 Oktoba 2024

Kaka Pasikali,

Nisamehe tena kwa kuchelewa, safari hii siyo Winnie, ni mikono. Malengelenge yalikuwa hayaniruhusu kushika kalamu. Utaelewa huko mbele.

Tumepokea barua yako. Nimemsomea Ndayikeza sehemu yake. Akasema, "Mwambie aje, lakini aje na mbege ya ndizi, asije na machozi." Wifi namsalimu. Hapa Akimana ameshaipata kumi na saba, sasa amepoteza kumi na tisa. Winnie anasimama kwa kushika ukuta.

Kaka, nimekata keria yako.

Sikuweza kusubiri. Tuliazima msumeno wa chuma, Ndayikeza akatolewa kiti nje, magongo pembeni, akawa anachora kwa chaki pa kukata. Tukaanza ukuta wa mbele mimi na Tunu kwa zamu. Umechomelea vizuri mno, nilikutukana na kukusifu kwa pamoja. Meno ya msumeno yalikatika, tukatafuta mengine. Siku ya pili ukuta wa nyuma ukaanguka, na mikono yangu ikawa hivi ninavyokuambia. Bluu yako imebaki pembeni tu, katikati ni chuma kitupu. Lakini ngazi, tuliyoileta tena kwa Fuso kutoka Busunzu, ikalala. Kaka, ililala kabisa, mita zote nne, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Hilali akatoka kibarazani akaizunguka, akasema, "Mbuzi basi tena." Nikamwambia basi tena.

Zahanati nimemaliza. Nyumba za watumishi nilifunga mbili. Mvua ikaja tarehe nne mchana, nikiwa huko, nikasimama chini ya kibaraza na Winnie mgongoni. Maji yalipita kwenye gata yangu, yakageuka kwenye kona, yakashuka kwenye bomba. Tukasikia yanagonga chini ya tangi tupu. Tunu alipiga kigelegele wagonjwa wakatoka nje kuona kuna nini. Msimamizi naye alisimama. Hakunisifu, yule mtu hana hiyo. Aliniambia tu nyumba zilizobaki nizimalize mwezi huu, halafu nimwonyeshe kama gari langu linaweza kufika Mabamba na ngazi bila kuumiza mtu, ndipo atasema juu ya vituo vingine. Hakuuliza tena habari ya mwanamume.

Sasa ombi lako. Kaka, nimelia nilipofika pale pa kunifunga mgongoni. Mimi sikumbuki, lakini mgongo wako naukumbuka. Nakushukuru kwa kusema kuja Busunzu. Usije kupanda. Utakuja Jumatatu, Jumatano utarudi kwenye karakana yako na mageti yako, na paa la Alhamisi litakuwa la nani? Ndayikeza hatapanda mwaka huu, labda na mwakani. Mihogo kila mtu mwenye kirikuu anabeba. Kufunga gata isivuje najua mimi. Hii sasa ndiyo kazi yangu, hata yeye akipona tutapanda kwa zamu.

Ungeniambia woga wako mwezi wa sita ningekujibu mwezi wa sita. Ungesema "Vestina, naogopa." Hilo ningelielewa mara moja, na mimi naogopa, kila kidato. Lakini ulininyima ngazi ukadhani umeninyima paa. Paani nilikuwa nimeshafika. Kilichomvunja Ndayikeza siyo paa, ni njia. Sikuombi unipandishe, kaka. Nakuomba ngazi isiangushe mtu njiani.

Mama nitamwandikia mwenyewe. Kwa sasa mwambie mapaa niliyopanda si ya mume wangu, ni ya zahanati. Akiuliza zaidi mwambie Winnie anasimama, aje amwone kabla hajaanza kukimbia, na nywele zake zinamsubiri.

Nimekata kuta lakini ngazi bado haina cha kuishika. Naendesha kama nimebeba mayai, na nimekataza mtu yeyote kukaa nyuma. Kwa hiyo nitumie haya, na usibadili hata moja kwa uamuzi wa kifundi. Ndoano nne za chuma za kushika miguu ya ngazi, mbili za mbele na mbili za nyuma, zenye mdomo wa kupokea bomba la ngazi na nafasi ya kuweka mpira ndani ili alumini isilike. Bomba moja la duara linalozunguka, la kuweka nyuma, ngazi iteleze juu yake wakati wa kupandisha, maana Tunu na mimi tunaikwangua kila siku. Yubolti nane, zile bolti zilizopinda, na nati zake, nne zile ulizonipa ni nyembamba. Mikanda miwili ya kukaza ile ya malori yenye meno, siyo mipira. Kufuli moja na funguo mbili. Kopo dogo la ile rangi ya bluu, nilipokata pameanza kushika kutu. Na mkanda wa kujifunga kiunoni wa mafundi wa nguzo za umeme, wenye kamba na ndoano ya kunasa kwenye paa. Sikuwa nao siku zote hizi. Mpime wifi Niyonsaba kiunoni, tulikuwa tunalingana, halafu toboa matundu mawili ya ndani zaidi. Nimekonda.